Kamba ya Mzee Nampaso

Mtu wa Oyugis akikuambia hana haja na mtu wa Ogwedhi, muulize Jumapili alikula nini. Ile nyama iliyomkwama menoni ilinenepea Transmara, ikauzwa Ogwedhi pale Uriri inapopakana na Narok, ikapanda lori, ikachinjwa na mtu kama mimi. Na yule Mmaasai aliyeuza ng'ombe alirudi nyumbani na gunia la mahindi ya Uriri, na kuku wa jirani yake kule Kilgoris wanalishwa omena, wale dagaa wa ziwani wa Homa Bay. Mimi Filister Nyatichi nimeuza nyama Oyugis miaka kumi na tisa, na kila nikisikia mwanasiasa akisema eti kila kaunti ijitegemee, hucheka mpaka wateja wanageuka. Ijitegemee kwa kutafuna nini?

Basi mwaka huu soko la Ogwedhi lilifungwa wiki tatu. Ng'ombe waliibwa upande wa Narok, kesho yake nyumba mbili zikachomwa upande wa Uriri, polisi wakaja wakaweka kizuizi barabarani. Wiki ya kwanza tukasema yatapita. Wiki ya pili wachinjaji wenzangu wakaanza kuchinja mitamba, ng'ombe ambao hawajazaa hata ndama mmoja, na huko ni kula mbegu. Wiki ya tatu mimi mwenyewe nilitundika mbuzi mmoja aliyekonda nikakaa naye siku nzima, mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

Niliposikia soko litafunguliwa, asubuhi tu, mwisho saa sita, nikamwambia ndugu yangu Japheth ajiandae. Japheth ndiye kitinda mimba wetu. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na minne, ana mke na watoto watatu, na ni mpole kiasi kwamba akikanyagwa yeye ndiye anayesema pole. Tangu mume wangu afe, ndiye aliyekuwa akinisaidia kununua na kuswaga.

"Sista, si tungoje wiki moja?" akasema. "Watu wa huko bado wako na hasira."

"Hasira yao itakulisha? Vaa viatu, twende."

Nilimkokota. Nalisema mapema ili mtu asije akadai nimelificha.

Tony, dereva wa lori kutoka Homa Bay, alitupitia Rongo. Tony hupanda na magunia ya omena na kuteremka na ng'ombe. Safari tupu kwake ni dhambi kubwa kuliko kulala na mke wa mtu. Tulipoiacha lami, kamba zake mbovu zikakatika na magunia yakaanza kudondoka. Japheth akatoa kamba za katani tulizobeba za kufungia ng'ombe, wakafunga nazo magunia. Kufika Ogwedhi, mnunuzi wa omena alihamisha mzigo wake kwenye pikapu mbio mbio, akawasha gari akaenda zake Kilgoris na kamba zetu nne. Tukabaki na mbili.

Soko lenyewe lilikuwa nusu. Muuza kamba hakuja, muuza dawa za mifugo hakuja. Vijana wa Kimaasai walisimama upande wao wa uwanja, wa Kijaluo upande wa barabara, na Wakisii katikati na ndizi zao wakijifanya hawaoni lolote. Askari watatu walikuwa wamekaa ndani ya gari lao wamefunga vioo. Nilinunua fahali wawili upesi, tukawafunga ndani ya lori kwa zile kamba mbili. Wa tatu, mkubwa, mwekundu, nilimpata kwa Mzee Nampaso.

Mzee Nampaso nimefanya naye biashara miaka kumi na mitano na hajawahi kunidanganya kuhusu ng'ombe. Nilipofiwa na mume alisafiri mpaka Oyugis na shuka lake na fimbo yake, akakaa matangani siku nzima bila kusema neno, akaondoka. Ndugu zangu wa damu walisema maneno mengi siku hiyo na sikumbuki hata moja. Yeye namkumbuka.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Ogwedhi hahitaji kuelezwa. Ukiuza ng'ombe, unatoa ng'ombe, hutoi kamba. Muuzaji humvua mnyama kamba kwa mkono wake mwenyewe na kurudi nayo nyumbani, la sivyo baraka ya zizi inaondoka na mnunuzi. Mnunuzi huja na kamba yake. Kwetu Wakisii tunafanya hivyo, Wajaluo wanafanya hivyo, na Wamaasai ndio usiseme. Kwa hiyo pale sokoni ukimwona mtu anaongoza ng'ombe aliyevaa kamba ya mtu mwingine, huulizi swali. Huyo hakununua.

Na kamba ya Mzee Nampaso haikuwa ya dukani. Ilikuwa ya ngozi, ameisokota mwenyewe nyuzi tatu, nyeusi kwa mafuta na miaka.

"Mzee, niazime hiyo kamba," nikamwambia. "Mpaka kwa lori tu. Japheth anairudisha saa hii."

Akatikisa kichwa. "Nyatichi, hiyo si kitu ya kuazima. Unajua."

"Najua. Na saa sita imefika. Nimbebe fahali kwa mgongo kama mtoto?"

Alicheka. Mzee yule alikuwa akinicheka siku zote, alisema nina kelele kuliko punda. Akamtazama Japheth, akatazama lori la Tony ng'ambo ya uwanja, mita mia mbili hivi. "Mpaka kwa lori," akasema. "Na irudi."

Nilimshurutisha, naye kwa sababu ya urafiki akakubali. Akaenda kunywa chai hotelini. Mimi nikaenda kwa afisa wa mifugo kuchukua kibali cha kusafirisha. Japheth akaushika ule ukanda wa ngozi akaanza kuvuka uwanja peke yake, akimwongoza fahali wa Mmaasai kuelekea upande wa Wajaluo, wiki tatu baada ya wizi.

Mtoto wa Mzee Nampaso anaitwa Nchoe. Hakuwepo wakati wa mauzo, alikuwa ametoka kutafuta ng'ombe wao wawili walioibwa, siku ya ishirini na moja akiwatafuta kwa miguu. Aliingia sokoni na wenzake akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kitu cha kwanza alichokiona ni fahali wa baba yake, na kamba ya baba yake, mkononi mwa mtu asiyemjua.

Kelele zilinikuta kalamu iko mkononi. Neno lilikuwa lilelile kwa lugha nne. Mwizi, jakuo, omoibi, na la Kimaasai ambalo sikulijua lakini halikuhitaji mkalimani. Nikakimbia.

Siku ile niliona umoja wa makabila ambao serikali inautafuta kwa semina kila mwaka. Watu waliokuwa hawataki hata kutazamana asubuhi walikuwa bega kwa bega wakimpiga ndugu yangu. Vijana wa Kijaluo wa Uriri walipiga kwa sababu walichoka kuitwa wezi, na huyu hapa mwizi mwenyewe, si wao. Wamaasai walipiga kwa ajili ya ng'ombe wao. Mwanamke mmoja wa kwetu, tena wa kanisa, aliacha ndizi zake akaja kumkanyaga kwenye mbavu kwa kisigino, ili asije akahesabiwa upande wa mwizi. Nilimwona mwanamume ambaye hununua matumbo kwangu kila Ijumaa ameinua jiwe kwa mikono miwili. Nilimwita kwa jina. Aliniangalia, akaliachilia palepale, likamwangukia Japheth gotini, na goti likalia.

"Amenunua!" nilipiga mayowe. "Nimenunua mimi! Kibali hiki hapa!"

Mtu akaninyang'anya karatasi akaichana bila kuisoma. Mwingine akanisukuma, nikaanguka, nikanyanyuka upande wa barabara nyuma ya vijana wa Kijaluo. Kutoka pale nilimwona Japheth kati ya miguu yao. Taya lake lilikuwa limehama upande. Jicho moja sikulijua liko wapi. Alikuwa akisema kitu, na mimi ndugu yake nilijua anachosema. Alikuwa akisema pole.

Tairi likaja likibingirishwa. Kuna mtu alikuwa tayari amechomoa mpira wa mafuta wa pikipiki, petroli ikitiririka kwenye chupa ya soda. Tony alinipita akikimbia kama kichaa kuelekea hotelini, akiita, "Mzee! Mzee Nampaso! Wanaua mtu yako!" Askari walikuwa bado ndani ya gari.

Nchoe alimsimamia Japheth na rungu. Alikuwa analia, hilo nililiona na sikulijali. Akainua rungu juu kabisa, kwa mikono yote miwili, na nilijua kwamba likishuka hapana tairi litakalohitajika.

Jiwe lilikuwa mguuni pangu. Wenye busara wana methali zao, hasira hasara, na mimi mwenyewe nimezigawa bure kwa wateja. Sikukumbuka hata moja. Nililiokota na kulirusha kwa mkono huu uliopasua mifupa ya ng'ombe miaka kumi na tisa, nikimlenga Nchoe usoni, nikitaka afe.

Mzee Nampaso alitokea kulia. Sijui mzee wa miaka ile aliwapenyaje wale watu. Alimkumba mwanawe kwa bega na rungu likaenda kando, akamwangukia Japheth, akamfunika kwa shuka na mwili wake, akainua kichwa kusema neno. Nadhani alitaka kusema ile kamba aliitoa mwenyewe. Jiwe langu likamkuta hapo juu ya sikio.

Halikutoa sauti kubwa. Mzee alilaza kichwa juu ya kifua cha Japheth taratibu, na damu ikashuka nyembamba, halafu nyingi. Nchoe alipiga magoti akamgeuza, akamwita, akamwita tena. Halafu akainuka akageuka kutazama jiwe lilikotoka. Lilitoka upande wa barabara. Upande wa barabara walikuwa Wajaluo.

"Wameua mzee!"

Hakuna aliyemkumbuka mwizi tena. Mishale ilitoka, na panga zilizokuwa chini ya magunia ya viazi zikatoka. Kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu, aliyevaa jezi ya buluu, alikatwa shingoni akageuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwita, akaanguka. Kibanda cha chai kiliwaka, kisha maduka matatu, kisha hata sikujua ni nini kinachowaka. Ng'ombe walivunja zizi la soko wakapita juu ya watu. Hapo ndipo askari walipofungua milango wakaanza kufyatua risasi hewani, na mbili hazikwenda hewani.

Tony alimbeba Japheth begani kama gunia la omena, akamtupa ndani ya lori katikati ya wale fahali wawili, nami nikapanda hivyohivyo. Mshale ulijikita kwenye ubao wa lori karibu na mkono wangu. Nililala juu ya ndugu yangu katika mavi ya ng'ombe mpaka Awendo.

Watu sita walikufa siku hiyo, pamoja na Mzee Nampaso. Wiki mbili zilizofuata waliongezeka wanane, mmoja mmoja, mchungaji huku, mwendesha bodaboda kule.

Na barabara ikafungwa, safari hii kabisa. Mtu anaweza kudhani moto wa Ogwedhi unachoma Ogwedhi. Buchari tano za Oyugis zilifunga milango, na yangu ya sita. Vijana waliochuna ngozi wakaanza kuchuna watu mifukoni. Tony aliegesha lori lake nyumbani kwao Homa Bay na kuku wakalala ndani yake. Alinipigia simu akaniambia omena inaoza ufuoni, wachuuzi hawana pa kuipeleka, na kule kisiwani Remba boti zimefungwa kwa sababu hakuna anayetaka kulipa mafuta ya kwenda kuvua kitu kisichouzika. Upande wa Uriri mahindi yalishuka bei mpaka watu wakalishia ng'ombe. Upande wa Narok watu walikuwa na ng'ombe mia na hawana unga wa kilo mbili. Kote huko, ukiuliza, watakuambia ni kwa sababu ya yule Mjaluo aliyemuua mzee. Kila mtu alimjua, na kila mtu alimtaja kwa jina tofauti.

Nilikuwa nikisikia hayo na kunyamaza. Sikuwa nikilala.

Japheth alikaa hospitalini mwezi na nusu. Walimfunga taya kwa waya, jicho hawakuliokoa, goti halitapinda tena. Siku waliyomtoa waya nilikuwa namlisha uji, akaushika mkono wangu wenye kijiko.

"Niliona hii mkono," akasema. Maneno yalitoka yakiburuta. "Nilikuwa naangalia wewe. Niliona jiwe."

Nikakirudisha kijiko bakulini.

"Usiseme," akasema. "Wakijua ni Mkisii, wataacha Wajaluo na kutafuta Wakisii. Wacha ikae hivyo. Mimi niko hai."

"Na wale wengine?"

"Si ndugu zako."

Japheth, mpole wangu, ndiye aliyesema hivyo. Kumbe nao upole walimtoa pamoja na jicho. Nilimlisha uji wote, nikamfuta mdomo, nikatoka nje nikalia kwa sauti mbele ya watu wote, na sikuona haya.

Mkutano wa amani uliitishwa mwezi wa tatu baada ya mapigano, saa nne asubuhi, uwanjani palepale, kwenye majivu. Maafisa walikuja na hema lao na maji yao ya chupa. Wazee wa Kimaasai walikuwa na neno moja tu. Hakuna soko, hakuna barabara, mpaka aliyerusha jiwe atolewe. Wazee wa Kijaluo nao walikuwa na lao. Hawamjui, wameuliza boma kwa boma, na hawatamtoa mtoto wa mtu kwa kubahatisha. Afisa alisema kwa mara ya nne kwamba maendeleo yanahitaji amani. Mzee mmoja wa Uriri akasimama akasema wamechoka, kwamba kuna kijana wao mmoja mkorofi, Wesley, asiye na baba, na kama ni lazima mtu atolewe basi labda ni yeye. Kijana mwenyewe alikuwa ameketi mbele, miaka ishirini hivi, ameshika kofia. Hakukana hata. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumkania.

Nikasimama.

"Huyo hajarusha kitu," nikasema. "Jiwe nilirusha mimi. Naitwa Filister Nyatichi, nauza nyama Oyugis. Kamba ya mzee nilichukua mimi kwa nguvu ya mdomo, na jiwe nikarusha mimi. Msitafute Mjaluo. Na msitafute Mkisii. Nitafuteni mimi."

Mtafsiri aliyasema kwa Kidholuo, kisha kwa Kimaasai. Niliyasikia maneno yangu yakienda mbali na kurudi mara mbili. Wanawake wa Kimaasai waliokuwa wameketi kando walianza kulia polepole. Nilijiandaa kwa jiwe. Nilidhani angalau hilo nitalitambua likija.

Nchoe akainuka. Alikuwa amenyoa kichwa kwa ajili ya msiba na amekonda, shingo yake imekuwa ya mzee. Alikuja mpaka karibu nami, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, akashika bunduki, na wazee wakamzuia OCS kwa mkono. Nchoe hakuwa na rungu. Alizungumza kwa Kiswahili ili nielewe bila mtafsiri.

"Ulikuwa unalenga nani?"

Ningeweza kusema sikulenga mtu. Kila wakili angenifundisha hivyo.

"Wewe," nikasema. "Ulikuwa unaua ndugu yangu. Nilikuwa nalenga wewe."

Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaijua.

"Si ungelenga vizuri, mama," akasema.

Akaketi chini palepale kwenye majivu miguuni pangu, akajifunika shuka usoni. Hakuna aliyenigusa mpaka OCS alipokuja kunishika mkono.